Somo la Saa Kumi na Moja Jioni

Saa kumi na moja jioni Delphine alipangusa meza ya sebuleni kwa kitambaa cha maji, akakikamua, akakianika dirishani, kisha akakaa kwenye kiti kinachoelekea kona ya ukuta. Hakukaa kuelekea dirisha kwa sababu nje kulikuwa na barabara, na barabarani kulikuwa na watu. Nyuma ya nyumba mama yake, Annie, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Aliposikia kiti kimevutwa aliuweka mchi chini akaanza kuchambua mchele, kazi isiyo na kelele. Baba yake, Clément Kabeya, alizima redio katikati ya habari.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku katika nyumba ile ya Ruashi, mtaa wa Lubumbashi. Clément, fundi umeme kwenye karakana ya migodi, aliijenga kwa mikono yake. Matofali aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe Jumapili baada ya ibada, na pale palipokuwa na tanuru mama Annie alipanda mihogo. Nyumba haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na dari, na sauti ya mtu aliyekaa kwenye ile kona ilisikika vizuri hadi jikoni.

Namna ya kusoma Delphine aliipata kwa Mwalimu Mumba, aliyewafundisha fizikia katika mwaka wa sita wa sekondari. Tangu mishahara ya serikali ikome kuja, Mwalimu Mumba alifundisha akiwa amekaa, maana njaa haikumruhusu kusimama, lakini alifundisha. Soma ukurasa mmoja tu, alisema, kisha funga kitabu uuseme kwa maneno yako mwenyewe. Utakapokwama, hapo ndipo ufungue. Jiulize maswali kabla mtihani haujakuuliza. Somo la leo lirudie kesho, ulirudie tena wiki ijayo, ulirudie tena unapodhani umelisahau. Mwisho mfafanulie mtu asiyelijua, na asipoelewa usimlaumu. Ni wewe hujaelewa. Haya yote uyafanye mahali pale pale, saa ile ile, mpaka mwili wako uende wenyewe bila kuuliza.

Darasa zima lilimsikia. Aliyeyafanya alikuwa Delphine.

Mtu asiyejua alikuwa Bwalya, rafiki yake tangu shule ya msingi, binti wa Alphonse, jirani wa ng'ambo ya barabara. Bwalya alikuja jioni na kiti chake, akakaa kando ya meza, akasikiliza. Asipoelewa alikunja pua, na Delphine alianza upya kwa njia nyingine, na nyingine, hadi pua ikunjuke. Kwa njia hiyo Delphine aliijua kemia kuliko kitabu cha kemia, na Bwalya aliijua kiasi.

Kisha ikaja miaka ile ambayo redio ilisema watu wenye asili ya Kasai wamekaa Katanga kupita kiasi. Barabarani waliitwa bilulu, wadudu. Clément aliletwa Lubumbashi mgongoni mwa mama yake akiwa hajaota meno, na Delphine hakuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha, lakini hilo halikuulizwa. Kazini Clément aliambiwa arudishe funguo za karakana. Sokoni mama Annie aliambiwa anunue kwao.

Vijana walifika asubuhi ya Jumamosi, wameshika matawi ya miti na dumu la petroli. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, lakini waliuvunja. Alphonse alikuwa miongoni mwao, ila nyuma kabisa, akiwaomba wasivunje vioo.

"Polepole na madirisha," alisema. "Vioo havipatikani tena mu mji."

Clément alitoka na sufuria, blanketi, na mfuko wa vitabu vya binti yake. Friji ilibebwa na watu wengine kwenda upande mwingine.

"Ba Clément," Alphonse alimwambia getini, kwa heshima, kama alivyomwita siku zote. "Msiwe na wasiwasi. Siye tutalinda nyumba."

Clément alimtazama mpaka Alphonse akainama kuokota kipande cha mlango.

Walikwenda stesheni, walikokwenda wote. Watu wengi mno walikuwa wamelala kando ya reli chini ya magunia na mahema ya plastiki, wakingoja treni ya kwenda Kasai, na treni ilikuja ilipopenda. Mama Annie alichagua mahali karibu na ukuta wa ghala. Delphine aligeuza ndoo akaikalia. Jioni maji yalichemka. Akafungua kinywa kumwambia mama yake aitoe sufuria motoni, na sauti haikutoka.

Alijaribu tena. Midomo ilicheza, ulimi ulicheza, pumzi ilipita. Mama Annie alimwangalia, akaangalia jua.

"Ni saa kumi na moja," alimwambia mume wake. "Sauti yake imeenda kusoma."

"Iko vizuri," alisema Clément. "Isikose hata siku moja."

Giza lilipoanza kuingia sauti ilirudi, imekauka kidogo kama ya mtu aliyesema sana, na Delphine akaomba maji. Tangu hapo ikawa hivyo kila jioni. Mchana alisoma vitabu vilivyobaki na kufunga na kufungua. Saa ilipofika sauti yake iliondoka, na yeye alikaa kimya juu ya ndoo, anachambua mboga. Watu wa mahema ya jirani walizoea. Waliokuwa na neno la kumuuliza waliliuliza mapema.

Jumapili Bwalya alikuja stesheni na mfuko wa unga wa bukari, ugali wa Katanga. Alikumbatiana na Delphine, wakalia wote wawili kidogo. Kisha Bwalya akasema kwamba sasa wao wanakaa kule. Baba yake alisema nyumba tupu huvunjwa na watu wabaya.

"Na weye unakuyaka kila siku, sauti yako inaingia," alisema Bwalya, "pale pale mu kona. Tunazimaka redio. Unaanzaka na historia, unamaliza na kemia."

"Mnanisikia vizuri?"

"Muzuri sana. Ila mu kemia unaendaka mbio, Delphine. Sina namna ya kukuuliza. Mi nakunja pua, lakini hauoni."

Delphine alifikiri jambo hili kwa uaminifu wa mwanafunzi. Alisema atajaribu kupunguza mwendo. Bwalya alipoondoka, Delphine aliutazama mfuko wa unga. Kwenye kona yake kulikuwa na kiraka cha kitambaa cha bluu ambacho alikishona mwenyewe mwaka uliopita. Ulikuwa mfuko wa kwao, kutoka kwenye ghala lao la jikoni. Hakumwambia mama yake, na mama yake, aliyekiona kiraka kabla yake, hakumwambia yeye.

Hasira ilianza hapo. Haikuja kama moto. Ilikuja kama kitu kizito alichokaa nacho, akala nacho, akaamka nacho.

Lakini kulikuwa na mtihani wa serikali, na Delphine alijiambia kwamba sauti ikienda inajifunza kwa ajili yake pia. Alipunguza mwendo katika kemia. Mama Annie alifua shati jeupe kwa maji ya bomba la treni. Siku ya mtihani Delphine alitembea kwa miguu kutoka stesheni hadi shuleni, kalamu mfukoni, akafika kabla ya lango kufunguliwa. Mwalimu Mumba alisimama mlangoni akiita majina. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja. Bwalya aliingia. Walipokwisha wote, Delphine alibaki peke yake uani.

"Prof," alisema, "hamjaniita."

Mwalimu Mumba alitazama viatu vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa vimefunguka mbele.

"Mkuu wa shule alisema bale ba kule batafanyia kwao."

"Kwao wapi, Prof? Mi nilizaliwa hapa, ku hospitali ile unaona."

"Najua."

"Nani alisoma kuliko mi mu darasa hii?"

"Hakuna," alisema Mwalimu Mumba, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la fizikia. Kisha akafunga mlango, maana muda ulikuwa umefika, na mtihani wa serikali hauchelewi.

Matokeo yalisomwa redioni. Mwaka ule wachache walifaulu katika mkoa mzima, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa hazina walimu, na nyingine hazina hata paa. Bwalya alifaulu kwa alama ambazo Ruashi haikuwahi kuzisikia. Walimmwagia unga kichwani kama ilivyo desturi, wakacheza barabarani hadi jioni, na ilipofika saa kumi na moja waliingia ndani, wakanyamaza, maana Delphine alikuwa amefika kona na alikuwa anarudia umeme.

Mwalimu Mumba alikuwepo kwenye sherehe. Alisikiliza amesimama, sahani mkononi. "Mnasikia?" aliwaambia wazazi waliokuwepo. "Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anarudi nyuma. Ndiyo namna ya kusoma. Fundisheni batoto benu hivi." Kisha akaongezewa nyama.

Haya Delphine aliyajua kwa kinywa cha Alphonse, aliyekuja stesheni wiki ile amevaa koti. Alimsalimia Clément kwa kumshika mikono yote miwili. Clément wakati huo alikuwa amelala juu ya mkeka. Maji ya pale stesheni yalikuwa yamemwingia tumboni, kama yalivyowaingia wengi.

"Ba Clément, pole sana. Nimekuja kushukuru," alisema Alphonse. "Mutoto wenu ametusaidia. Bwalya ataenda ku université, chuo kikuu cha Kasapa."

Clément alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Sasa kuna kitu kidogo," Alphonse aliendelea. "Lucien, mdogo wake Bwalya, naye amepanda darasa. Lakini Lucien iko mu commerce, ile ya biashara, haiko mu sayansi. Hii mambo ya umeme haimusaidie. Nilisema, pengine Delphine angesoma kidogo uhasibu. Kitabu nimeleta."

Alikitoa kitabu ndani ya koti. Kilikuwa kipya, kimefunikwa vizuri kwa karatasi. Mama Annie alikipokea, akakiweka chini ya sufuria iliyokuwa inayumba juu ya mawe, akaijaribu sufuria kwa kidole. Haikuyumba tena.

"Asante, ba Alphonse," alisema. "Kitatusaidia."

Clément alijiinua kwa kiwiko. "Mlango mlitengeneza?" aliuliza.

"Tuliweka mpya. Wa chuma."

"Bawaba za upande gani?"

"Kushoto."

"Pale upepo utaupiga," alisema Clément. "Ilifaa kuwa kulia." Akalala tena, akageukia ukuta wa ghala, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwa Alphonse.

Alikufa siku chache baadaye, adhuhuri, mama Annie akiwa amekwenda kutafuta chumvi na sukari za kumchanganyia. Makaburini foleni ilikuwa ndefu kutokana na watu wa stesheni, kwa hiyo walimzika jioni. Wanaume wa mahema ya jirani walichimba. Walipoanza kumshusha, akina mama walipaza kilio, na Delphine, mtoto wake wa pekee, ambaye kilio chake kilingojwa kuliko cha wote, alifungua kinywa.

Ilikuwa saa kumi na moja imepita. Hakikutoka kitu.

Alisimama ukingoni mwa kaburi la baba yake, kinywa wazi, mishipa ya shingo imesimama, na hakukuwa na sauti hata ya kuku. Sauti yake ilikuwa Ruashi, katika sebule ambayo Clément aliijenga, inamweleza Lucien na wageni wengine wawili kwamba waya ukiwa mrefu zaidi umeme hupita kwa shida zaidi. Mama Annie alimshika kiuno akalia kwa ajili ya wote wawili. Wachimbaji walimaliza kazi. Sauti iliporudi walikuwa wameshafika njiani kurudi stesheni, na Delphine alisema neno moja tu la matusi, ambalo mama yake hakumkemea.

Kesho yake alijaribu kuituma sauti na tusi lile. Alilisema mchana kutwa, akalisema hadi dakika ya mwisho. Jumapili Bwalya alipokuja na pole, alisema hapana, hakusikia tusi, alisikia umeme tu, kama kawaida. Delphine alikaa juu ya ndoo akatafakari. Alielewa kosa lake. Tusi hakuwa amelisoma. Alikuwa amelitamani tu. Sauti ilibeba lililojifunzwa, na lililojifunzwa halipatikani kwa siku moja.

Siku ile aliacha vitabu. Alianza somo jipya.

Treni ilikuja hatimaye, mabehewa ya mizigo yasiyo na paa, na walipanda. Safari ilichukua muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Treni ilisimama porini siku nzima bila sababu, na watu walizika watoto kando ya reli. Delphine alikaa mgongo ukiegemea chuma akasoma. Hakuwa na ukurasa, kwa hiyo alijitungia. Alichukua kipande kimoja tu kwa siku. Nyumba hii ilijengwa na nani? Alijijibu kwa maneno yake mwenyewe. Alipokwama, alimuuliza mama yake: tanuru lilikuwa upande gani, nani alisaidia kubeba maji, bati zilinunuliwa kwa nani. Kesho alirudia ya jana kabla ya kuanza ya leo. Alichanganya maswali ili yasijibiwe kwa kufuatana. Nani alivunja mlango? Nani alisimama nyuma akiombea vioo? Aliyekuwa na nyumba alikufa wapi, na kwa maji gani? Alimfafanulia mama mmoja wa Likasi aliyekaa karibu naye, aliyefukuzwa kwake pia, na huyo mama alipokunja uso, Delphine alianza upya kwa njia nyingine.

Kila jioni sauti iliondoka, na hakujua imebeba nini.

Walishuka Mwene-Ditu, mji wa Kasai. Watu wa pale waliwacheka kwa kukisema vibaya Chiluba, lugha ya pale, wakawaita Wakatanga. Mama Annie alilima. Delphine, asiye na diploma, alifundisha shule ya msingi ya parokia, na wazazi walijua kwamba mwalimu huyu hapatikani jioni. Hakuliacha somo lake. Alilirudia kila wiki, baadaye kila mwezi, hasa alipodhani amelisahau.

Miaka ilipita. Vita vilipita, jina la nchi likabadilika, na pesa, na waliokuwa wakisema redioni. Ikasemekana watu wanaweza kurudi. Mama Annie alisema yeye hapandi tena treni. Delphine alipanda.

Alifika Ruashi mchana wa jua kali. Mihogo ilikuwa imeng'olewa, gereji imejengwa. Mlango wa chuma ulikuwa na bawaba kushoto. Alphonse, mwenye mvi sasa, alifungua, akamtambua papo hapo, akafurahi kwa dhati.

"Delphine! Karibu, mama, karibu. Ingia. Bwalya! Kuya uone!"

Bwalya alitoka jikoni, mnene, daktari wa hospitali moja ya mjini, aliyekuja kuwatembelea wazazi pamoja na binti yake mdogo. Walikumbatiana. Delphine alipewa soda. Alipewa kiti kizuri. Waliulizana habari za vifo, kimoja baada ya kingine, hadi jua likashuka.

"Nimekuja juu ya nyumba," alisema Delphine.

"Ngoja kidogo," alisema Alphonse, akitazama saa ya ukutani. "Inaanza."

Redio ilizimwa. Binti wa Bwalya, mtoto wa miaka kama saba, alileta kiti chake mwenyewe akakaa kando ya meza, mikono juu ya magoti. Delphine alifungua kinywa kusema hatangoja, na hakuwa na sauti. Ilikuwa imeshafika kona.

"Nyumba hii ilijengwa na nani?" iliuliza sauti, changa kuliko yeye, wazi, isiyo na haraka. "Nyumba hii ilijengwa na Clément Kabeya, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Tanuru lilikuwa wapi? Nani alivunja mlango?"

Ilitaja majina. Ilitaja la Alphonse, na Alphonse aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia jina lake kanisani katika matangazo. Ilisema nani alichukua friji. Ilisema maji ya stesheni. Mtoto alitangulia majibu kwa midomo, hakukosea hata moja. Bwalya alikunja pua mahali pamoja, na sauti, kana kwamba imeona, ilirudi nyuma ikaeleza upya.

Delphine alikaa bubu kwenye kiti kizuri, soda mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Giza lilipokaribia, sauti ilirudi kooni mwake, imekauka.

"Mumesikia," alisema.

"Kila siku," alisema Alphonse. "Batoto bote ba hapa ndani banajua kwa moyo. Hata wajukuu. Njo maana banafaulu ku shule. Wamezoea kusoma vizuri. Mwalimu Mumba, Mungu amurehemu, alisema hakuwahi kusikia somo lililopangwa namna hii."

"Basi mnajua nyumba ni ya nani."

"Ni ya ba Clément," alisema Alphonse, akishangaa swali. "Nani asiyejua?"

"Mtatoka lini?"

Alphonse alimtazama Bwalya. Bwalya alitazama chupa za soda, akaanza kuzikusanya. Ilionekana wazi kwamba swali hilo halikuwemo katika somo.

"Kutoka kwenda wapi?" aliuliza Alphonse, kwa upole kabisa.

Delphine aliinuka. Alishika ukuta wa ile kona, akaupiga ngumi, mara moja, kisha tena, hadi ngozi ya vidole ikachubuka na tofali la baba yake halikutikisika. Hakuna aliyemzuia. Bwalya alileta spiriti na pamba akamsafisha mkono vizuri, kwa ustadi wa kazi yake, huku machozi yakimtiririka, akamwambia asiuloweshe kwa siku mbili.

Walimsindikiza wote hadi nje. Alphonse alimwambia apite tena kabla ya kusafiri, chakula hakikosekani. Alipofika barabarani, Delphine alisikia nyuma yake lango likifungwa kwa komeo, kisha kwa kufuli, kisha kwa kufuli la pili, na Alphonse akimweleza mjukuu wake kwamba siku hizi lazima kufunga mapema, kwa sababu Ruashi imejaa wezi.